Kanyaga, Mama Nyuzi

"Kwa hiyo sasa unataka niikate hata miguu?"

"Sijasema uikate. Nimesema uitulize! Tak! Tak! Tak! Juu ya kichwa changu, mchana kutwa. Hata punda ana saa yake ya kupumzika."

"Punda ndiyo mimi?"

"Punda ni mimi, mama! Mimi ndiye nafanya kazi usiku!"

Mimi cherehani nilishaisimamisha zamani. Ugomvi wa ngazini hausikilizwi huku mtu anashona. Utapinda mshono na maneno yatakupita. Nikatoka na kitambaa mkononi, kama mtu anayetafuta mwanga, nikaegemea ukuta wa varanda. Kumbe sikuwa wa kwanza. Mama Mwenye Nyumba alishakaa kwenye kiti chake uani, na mke wa fundi rangi alikuwa anafua shati lile lile tangu maneno yaanze. Lilishatakata mpaka linatia huruma.

Chini ya ngazi alisimama Bwana Zamu, mlinzi wa maghala, singlendi imempanda tumboni na mkunjo wa mto bado umemkaa shavuni. Juu alisimama Mama Nyuzi, msusi wetu, hedifoni shingoni na kitana kimechomekwa nyweleni. Sakafu ya chumba cha Mama Nyuzi ndiyo dari ya Bwana Zamu, mbao zile zile, na balaa lote lilianzia hapo.

Mama Nyuzi anapiga gitaa, na mwanzoni kulikuwa na amplifaya lake. Kubwa kama friji, na ukiguswa uzi mmoja tu wa gitaa, vikombe vya nyumba nzima vinasalimiana kabatini. Bwana Zamu anarudi kutoka kazini asubuhi, anataka kulala. Alilalamika mpaka Mama Mwenye Nyumba akalifungia stoo na funguo akaifunga kwenye kona ya kanga yake. Tulidhani Mama Nyuzi atalia. Wapi! Alienda kwa binamu yake anayeuza vyombo vya muziki, akarudi na vijisanduku viwili vya kujaribu kwa wiki mbili. Achague kimoja, kingine akirudishe.

Kwa asiyejua, maana hata mimi sikujua: unachomeka gitaa upande mmoja, hedifoni upande wa pili. Ndani ya kijisanduku mna milio ya kila namna, mkavu, wa kukwaruza, wenye mwangwi kama umepigia kisimani. Ukitaka kubadilisha unakanyaga swichi, kwa sababu mikono ina kazi nyingine. Spika hamna. Mpigaji anasikia dunia nzima masikioni mwake, jirani hasikii kitu.

Isipokuwa swichi. Swichi ni ya chuma, sakafu ni ya mbao.

"Nimevaa hedifoni!" Mama Nyuzi alizivua shingoni akazinyanyua juu kama mtu anayeonyesha hirizi. "Amplifaya mmenifungia. Sasa nipige gitaa la mawazo?"

"Afadhali ungepiga kwa sauti!" Bwana Zamu alimaka. "Sauti nalala nayo nikiizoea. Hii ya miguu inanitia wazimu. Inakanyaga, nasubiri kitu kitokee, hakitokei. Wimbo wenyewe siujui, nina tak zake tu!"

Mke wa fundi rangi alicheka ndani ya beseni. Mama Mwenye Nyumba akagonga kiti.

"Nyie, nyamazeni. Wewe Nyuzi, hicho kidude si kinabonyezeka? Kiweke mezani, bonyeza kwa kidole. Kesi imekwisha."

Mama Nyuzi alimtazama mlinzi, akamtazama Mama Mwenye Nyumba, akanitazama hata mimi na kitambaa changu. "Nitakiweka mezani," akasema, "kwa sababu nimependa mwenyewe. Sio kwa sababu nimeambiwa." Akaingia ndani akafunga mlango, taratibu kabisa, na ile taratibu ilitutisha kuliko kama angeubamiza.

*

Mnashangaa kwa nini msusi anahangaika hivyo. Ngoja niwaambie, maana habari hii mimi nilikuwa nayo kabla hata bendi yenyewe haijaijua.

Kuna bendi hapa kwetu inayopiga kila Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa karibu na soko. Kiongozi wake tunamwita Kapteni, kwa ile kofia. Mpiga solo wao alihama na mkewe, kiti kikabaki wazi. Sasa, waimbaji wa kike wa bendi hiyo wote wanasukwa na nani? Na Mama Nyuzi. Na mtu akikaa kusukwa tangu asubuhi, anasikia mengi, na akipumzishwa shingo anasikia gitaa. Wakampelekea Kapteni maneno: tafuta kwingine kote, mwisho utarudi kwa msusi wetu.

Kapteni akaja mwenyewe. Alipanda ngazi akihema, akakaa kwenye stuli ya wateja, na mlango ukabaki wazi kwa ajili ya joto. Nashukuru joto.

"Mama, kusuka unasuka vizuri sana," alianza.

"Asante. Kupiga je?"

"Kupiga… nimeambiwa. Ila kiti cha solo kina uzito wake. Leo tuko hapa, wiki ijayo tuko mbali. Hiyo amplifaya yako nani atakubebea? Vijana wangu kila mtu ana mzigo wake."

"Sibebewi. Nitabeba mwenyewe, kwapani."

Akamwonyesha kile kidogo kati ya vijisanduku viwili. Kapteni alikichukua, akakipima kiganjani, akacheka mpaka kofia ikateleza. "Hiki? Hiki si cha kuogea hiki! Nipe na taulo!"

Tangu siku hiyo kile kidogo kikaitwa Sabuni. Jina alilitoa Kapteni kwa dharau, Mama Nyuzi akalichukua kwa makusudi. Mwenziwe, kile cha pili, kizito, cha chuma kitupu, tukakiita Kabati.

"Haya, njoo Jumamosi ya wiki ijayo," Kapteni akasema akisimama. "Ukikwama wimbo mmoja tu, kiti ni cha mpwa wangu. Yeye ana pedali zake za kukanyaga zimejaa ubao mzima."

"Mwambie mpwa wako asizoee kukikalia."

Ndiyo basi. Hiyo ndiyo ilikuwa inasubiriwa. Mwanamke huyu amepiga gitaa chumbani miaka yote, mbele ya kioo na wateja wenye vichwa nusu, na kiti kile hakitakuja mara ya pili.

*

Kuchagua kati ya Sabuni na Kabati alitaka kuchagua peke yake. Katika nyumba yetu? Jumapili ile chumba kilijaa mpaka mlangoni. Mke wa fundi rangi alikuja na mumewe, binamu wa dukani alikuja kulinda mali yake, mimi nilikuja na stuli yangu, na Mama Mwenye Nyumba alikuja na funguo ya stoo kiunoni ili tusisahau. Hedifoni ni moja, masikio ni mengi. Tukawa tunapokezana, mwingine sikio la kulia, mwingine la kushoto, mashavu yamegandana kama picha ya harusi.

"Hiki kikubwa kinavuma," akasema fundi rangi. "Kama nzi ndani ya chupa."

"Kinavuma ukiwa na hedifoni," binamu akajitetea. "Jukwaani hakivumi. Jamani, hivi vitu kila kimoja kina kwao. Sabuni ni ya kurekodi chumbani. Waya mmoja tu, unaingia kwenye kompyuta, umemaliza. Kioo chake kama cha simu, unapangusa kwa kidole unapata mlio. Kabati ni la jukwaani. Tazama swichi zilivyoachana, unaweza kupita katikati na ndoo ya maji. Tazama maandishi, hata gizani unayasoma. Na hapa nyuma kuna tundu la kwenda moja kwa moja kwa fundi mitambo."

"Sabuni haina tundu?"

"Inalo, ila dogo. Dada yangu, nisikilize, nauza hivi vitu kila siku. Chumbani Sabuni, jukwaani Kabati. Ndivyo watu wanavyofanya."

"Watu gani?" Mama Nyuzi akauliza.

"Wapigaji."

"Mimi ni nani?"

Binamu akakohoa.

Mama Nyuzi alilinyanyua Kabati, akalitia kwenye begi, akalining'iniza begani, akachukua na gitaa mkono wa pili, akazunguka nalo chumba. Tukampisha. Akazunguka tena. Bega la upande wa Kabati lilikuwa limeshuka kama la mtu aliyebeba kosa la mwingine. Akalitua kitandani. "Nikibeba hili nitafika nimechoka, halafu Kapteni atasema aliniambia. Na milio niliyoitengeneza huku ndani kwa jasho langu, kwa nini niiache nyumbani siku ya maana? Mimi wa chumbani na mimi wa jukwaani ni mtu mmoja."

"Swichi zake zimebanana, dada," binamu akasema kinyonge.

"Na vidole vyangu vimezoea vilivyobanana. Mimi ni msusi."

Tukapiga makofi. Jioni ile ile alirekodi wimbo kwa Sabuni kwenye kompyuta ya binamu, ukasambaa kwenye simu zetu zote. Mlio ulikuwa mtamu, umejaa mwangwi, kama anapiga ukiwa peke yako duniani. Nilimtumia hata Bwana Zamu. Hakujibu, lakini simu yangu ilinionyesha kwamba amefungua. Nikamwonyesha mke wa fundi rangi, naye akaonyesha wengine.

Basi wiki ya pili yote Sabuni ilikaa mezani, kati ya mafuta ya nywele na vibanio. Alikuwa akipiga, akifika pa kubadilisha mlio anapitisha kidole, pap, anaendelea. Haikusikika tak hata moja. Bwana Zamu alilala kama gogo na sote tukasema amani imepatikana. Wala hakuna aliyewaza kwamba jukwaani hakuna meza.

*

Jumamosi nyumba nzima ilihamia ukumbini. Mama Nyuzi alikuwa amevaa gauni nililolishona mimi, kwa hiyo nusu ya macho yaliyomtazama yalikuwa yangu, na chini alivaa viatu vyekundu vya soli nene, vipana mbele kama pua ya basi. Alipanda jukwaani na gitaa mgongoni na Sabuni kwapani, kama alivyoahidi. Watu wa bendi walitazamana. Mpwa wa Kapteni alikaa pembeni kwenye spika, gitaa lake mapajani limeshachomekwa, tabasamu nalo limeshachomekwa.

Wimbo wa kwanza ulianza vibaya. Mlio ule ule mtamu wa kwenye simu zetu, mle ukumbini ukawa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Ukumbi wa sementi tupu una mwangwi wake tayari. Ukiuongezea wa kwako, maneno yanagandana. Kapteni akamtupia jicho fundi mitambo, fundi mitambo akainua mabega. Mama Nyuzi wala hakuwatazama. Aliinama, akazungusha kitufe kimoja mpaka mwisho, mwangwi wote akauzima. Gitaa likatoka kavu, jeupe, kila uzi unajulikana kwa jina. Mke wa fundi rangi akanifinya paja.

Wimbo wa pili ndio wenye solo. Waimbaji wakamaliza ubeti, wakarudi nyuma, wakampisha. Hapo mlio unatakiwa ubadilike, uwe ule wa kukwaruza, unaopanda. Mama Nyuzi akainua kiatu chekundu, akakanyaga.

Kimya.

Ngoma inaenda, besi inaenda, vidole vyake vinaenda juu ya nyuzi, na hakuna kinachotoka. Akakanyaga tena. Kimya kile kile. Baadaye alinieleza: Sabuni ukibonyeza swichi mbili za katikati kwa pamoja inanyamaza kabisa, ili mtu atyuni, yaani akaze nyuzi zake, bila kusikika. Kidole hakiwezi kubonyeza mbili. Soli ile ingeweza kubonyeza hata nne. Wiki nzima alikuwa amefanya mazoezi ya kidole, na sasa alikuwa na kiatu.

Kapteni akainua mkono kusimamisha bendi. Hakuwa na haraka. Alikuwa anakufurahia kule kuinua. Vyombo vikaanza kufifia kimoja kimoja. Mpwa akasimama, akajipangusa suruali.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa, mlangoni.

"Kanyaga, mama! Mbona hukanyagi?"

Ukumbi mzima uligeuka. Bwana Zamu! Yumo ndani ya sare zake za kazi, kofia mkononi, saa ambayo alitakiwa awe bado kitandani. Baadaye alisema nyumba ilikuwa kimya mno akashindwa kulala. Kwa wakati ule hakueleza kitu, alikuwa anafoka.

"Wiki ile ya kwanza nimelala chini ya wimbo huu! Hapo ni tak! Halafu tak-tak! Usinichanganyie! Kanyaga kama ulivyokuwa unanikanyaga mimi!"

Watu walivunjika mbavu. Mtu mmoja upande wa kushoto akaitikia, "Kanyaga!" Fundi rangi akaidaka. Waimbaji nao, nywele zao zote kazi ya mikono ile, wakaanza kupiga makofi: kanyaga, kanyaga!

Mama Nyuzi alimtazama Kapteni. "Shusha mkono," akasema, na kipaza sauti cha waimbaji kilikuwa karibu kwa hiyo tulisikia sote. "Sijamaliza."

Akavua kiatu cha kwanza, akakirusha pembeni. Akavua cha pili, akamkabidhi mpwa wa Kapteni aliyekuwa ameshasogea. "Nishikie, mwanangu. Na ukae, utachoka." Kisha akamgeukia mpiga ngoma. "Kutoka kwenye ubeti. Wote. Turudi."

Mpiga ngoma alimtazama Kapteni, akamtazama yeye, akaanza. Besi ikafuata. Waimbaji wakarudi mbele wakauimba ubeti upya, na safari hii waliuimba kama wanamdai mtu. Wakapisha. Mguu mtupu ukashuka, kidole gumba kimesimama peke yake kama kinaonyesha kosa.

Tak.

Jamani. Sitaweza kuwaeleza vizuri, mimi ni mtu wa nguo. Gitaa lilipasuka likapanda, likawa linasema maneno ambayo yeye mwenyewe kwa mdomo hajawahi kuyasema, ya stuli ile, ya kioo kile, ya watu wanaomwambia weka mezani, weka stoo, nani atakubebea. Tak-tak, likashuka chini likanguruma. Mlangoni Bwana Zamu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila swichi kabla haijapigwa. Mkono wa Kapteni ulikuwa bado umebaki hewani, hajui aupeleke wapi. Mwisho akaanza kuutumia kuhesabu mapigo.

Baada ya onyesho Kapteni alimfuata nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa pale namrekebishia pindo, hata kama pindo halikuwa na tatizo.

"Kiti ni chako," akasema, macho kwenye kofia yake. "Ila Jumamosi ijayo uje na kile kikubwa. Kina swichi za watu wazima."

"Kile kikubwa Jumatatu kinarudi dukani."

"Sasa utakanyagaje na viatu?"

"Nani amekuambia nitavaa?"

*

Kesho yake jioni, Mama Nyuzi alishuka ngazi miguu mitupu, Sabuni mkononi, akagonga mlango wa Bwana Zamu. Nilimsindikiza mpaka pale ngazi inapokata kona. Kuanzia pale haikuwa kazi yangu, kwa hiyo nilisimama tu, nikajibanza.

Mlango ukafunguliwa. Harufu ya maharage na vitunguu ikatoka kwanza, kisha yeye, na mwiko.

"Sijaja kuomba," Mama Nyuzi akaanza. "Nimekuja kukuambia. Mazoezi ya kidole nimeachana nayo, nusura yaninyang'anye kiti. Kuanzia leo nakanyaga, sakafuni, kwa mguu wangu."

"Nikiwa nimelala?"

"Ukiwa umeamka. Jioni, kabla hujaenda kazini."

"Jioni ndiyo nakula."

"Kula huku unasikiliza."

"Nisikilize nini?" Bwana Zamu akapiga mwiko kwenye fremu ya mlango. "Si umevaa mahedifoni! Mimi nile chakula na tak? Hapana, mama. Hilo nakataa. Kama ni kukanyaga, kanyaga na wimbo wake wote. Toa lile friji stoo. Dogo dogo tu, sauti ya kulia chakula."

Kiti kikalalamika uani. "Halitoki!" akapaza sauti Mama Mwenye Nyumba. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenijia na machozi lifungiwe!"

"Litatoka!" wakajibu wote wawili, kwa pamoja, kama walikuwa wamefanya mazoezi.

Wakatazamana. Mama Nyuzi ndiye aliyecheka kwanza. Bwana Zamu akajikuna kidevu kwa mpini wa mwiko, kisha akasukuma mlango mpaka ukagusa ukuta.

"Funguo tutaidai tukiwa tumeshiba. Ingia ule, Mama Nyuzi. Na huyo fundi aliyejibanza kwenye kona ya ngazi, anayejifanya anatafuta uzi, mwambie aje. Sahani zipo."

Uzi kweli nilikuwa nao mkononi. Nikautia mfukoni, nikashuka.